Jinsi ya kupanga upya konferensi za michezo ya vyuo Marekani kwa kanda: mwongozo kamili, tunaanzia kwenye basi

Msimu uliopita mpwa wangu alinipigia simu Jumatatu saa 10 alfajiri. Anacheza voliboli kwenye chuo kimoja huko pwani ya magharibi ya Marekani. "Shikamoo mjomba, ndo tunatua." Walikuwa wametoka pwani ya mashariki, mechi Ijumaa, mechi nyingine Jumapili, ndege ikachelewa, na saa 3 asubuhi hiyo hiyo alikuwa na mtihani wa kemia. Nikamuuliza umesoma? Akasema alisoma kwenye ndege mpaka taa zikazimwa, akamalizia kwa tochi ya simu huku daftari kaliweka juu ya magoti. Na ile haikuwa fainali wala nini, ilikuwa mechi ya kawaida ya ligi yao.

Tangu siku ile nimekaa na ramani, karatasi na simu, nimechora na kufuta, na nimejifunza kwamba hii kazi inawezekana kabisa, ila watu wengi wanaanza sehemu sio. Wanaanza na TV. Mi nakwambia anza na basi. Kama kijana wako, mdogo wako au mpwa wako yupo kwenye hivi vyuo, au unapenda tu michezo ya vyuo na inakuuma ilivyokuwa, fuata hizi hatua, utaweza kuchora kanda zako mwenyewe na ukaenda nazo kwenye kikao ukasikilizwa.

Kwanza tuelewane maneno. Konferensi ni kundi la vyuo vinavyocheza ligi pamoja, vina bingwa wao, vina mkataba wao wa TV, na vinagawana hela. Juu yao wote kuna NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Daraja la kwanza la NCAA lina vyuo zaidi ya 350. Nikisema futiboli namaanisha ile ya Kimarekani ya helmeti, soka ntaita soka.

Konferensi zilianza kama majirani. Big Ten ilianza 1896 na vyuo vya kati magharibi, karibu na Chicago. Pwani ya magharibi walianza yao 1915 pale Portland, ndo ikaja kuwa Pac-10, baadae Pac-12. ACC ilizaliwa 1953 na vyuo 7 vilivyojitoa Southern Conference. Watu walisafiri kwa treni na basi, kwa hiyo ramani ilijipanga yenyewe. Alafu 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba NCAA haiwezi kuhodhi haki za TV za futiboli, kuanzia pale kila konferensi ikaanza kujiuzia mechi zake, na ukishauza mechi unataka miji mikubwa yenye watazamaji wengi, haijalishi iko wapi. Southwest Conference ya Texas ikafa 1996. Juni 2022 USC na UCLA, vyuo vya Los Angeles, wakatangaza wanaenda Big Ten. Agosti 2023 Oregon na Washington wakafuata, na Arizona, Arizona State na Utah wakaenda Big 12 walikotangulia Colorado, alafu Stanford na Cal, vyuo vya California, wakaingia ACC, ambayo jina lake lenyewe maana yake ni pwani ya Atlantiki, na wao wanaiangalia Pasifiki! Pac-12 ikabaki na vyuo viwili tu, Oregon State na Washington State.

Kutoka UCLA kwenda kwa Rutgers, mwenzao wa Big Ten kule New Jersey, ni kama kilomita 3,900. Ni karibu sawa na Dar es Salaam mpaka Muscat. Hiyo ndo mechi ya ligi siku hizi.

Haya, kazi ianze.

HATUA YA 1: Itoe futiboli kwenye ramani

Hii ndo hatua kubwa kuliko zote na ukiikosea hii zingine zote zitakushinda. Karibu mihamo yote mikubwa niliyoitaja hapo juu imefanywa kwa ajili ya futiboli, lakini ukiangalia futiboli ndo mchezo ambao safari ndefu inauumiza kidogo kuliko yote. Msimu wa kawaida una mechi 12, moja kwa wiki, nyingi Jumamosi, za ugenini ni kama 6 hivi, na timu kubwa wanakodi ndege yao. Sasa linganisha na besiboli au softiboli ambao ruhusa yao ni mpaka mechi 56. Linganisha na voliboli wenye mechi zaidi ya 25 kwa msimu wa miezi mitatu na kitu. Hawa ndo wanaolala viwanja vya ndege. Na chuo cha daraja la juu la futiboli kinatakiwa kiwe na michezo angalau 16, kwa hiyo tumebeba michezo 15 mgongoni mwa mmoja.

Kwa hiyo chukua karatasi mbili. Moja andika futiboli, weka pembeni, waache na TV yao kwa sasa. Ya pili ndo yetu.

Mtu atakwambia haiwezekani, mchezo mmoja uwe huku na mingine kule. Mwambie mbona ipo tayari. Notre Dame futiboli yao ni huru, yaani haina konferensi, michezo mingine mingi wapo ACC. Hawaii kuanzia 2012 futiboli walikuwa Mountain West na michezo mingine mingi Big West. Na mfano mtamu kuliko yote kwetu sisi ni UConn, chuo cha Hasheem Thabeet, yule Mtanzania mwenzetu aliyechaguliwa namba 2 kwenye drafti ya NBA ya 2009. Thabeet alicheza UConn wakiwa Big East, konferensi ya kaskazini mashariki, wanacheza na Providence, St. John's, Georgetown. Ile konferensi ilivunjika 2013 kwa sababu ya futiboli, UConn wakajikuta kwenye ligi moja na vyuo vya Texas, Oklahoma na Louisiana. Waliteseka. Julai 2020 wakaamua, futiboli wakaiacha iwe huru, michezo mingine wakairudisha Big East. 2023 wakawa mabingwa wa taifa wa kikapu wanaume, 2024 wakachukua tena. Sisemi kurudi kanda ndo kulileta vikombe, kocha na wachezaji ndo walileta, ila hakuna tena wa kusema kwamba ukirudi kwa majirani utapotea.

Na hata kocha Chip Kelly alipokuwa UCLA, Desemba 2023, alisema hadharani futiboli itengwe na michezo mingine ibaki kwenye kanda zake. Yaani hata watu wa futiboli wenyewe wanaliona.

HATUA YA 2: Pima saa za basi, achana na kilomita za ndege

Tengeneza jedwali. Kila chuo kwenye eneo lako kiandike, daraja la kwanza vyote, hata vile visivyo na futiboli kabisa, maana tumeshaitoa. Hapa utashangaa, vyuo vingi vizuri vilikuwa havionekani kwenye ramani ya TV. Alafu kwa kila jozi ya vyuo weka saa za kuendesha kwa gari, simu yako itakupa, na ongeza kama saa moja kwenye kila saa 5, maana basi la watu 50 halikimbii kama gari dogo na lazima lisimame watu wale.

Usipime kwa ndege. Ndege inadanganya. Kutoka mji mdogo hadi mji mdogo unaweza kuona "saa 1 na dakika 20 angani" kumbe ni basi saa 1 mpaka uwanja wa ndege, kukaguliwa, kusubiri, kubadilisha ndege, basi tena, siku nzima imeisha.

Angalia na majira. Voliboli ya wanawake na soka vinachezwa kuanzia Agosti mpaka Novemba, kikapu ni Novemba mpaka Machi, kipindi cha theluji. Barabara ya I-90 inapita Snoqualmie Pass kutoka Seattle kwenda mashariki, theluji ikikaza wanaifunga, na hapo saa 5 zako zinakuwa 9. Andika pembeni ya jedwali kila mlima wa aina hiyo.

Kipimo changu mimi: safari ya kawaida ya ligi isizidi saa 6 kwa basi, na safari ndefu kuliko zote kwenye kanda isizidi 9. Ukivuka hapo timu itapanda ndege tu, na ikishapanda ndege umerudi kule kule.

HATUA YA 3: Tafuta pacha wa safari

Hapa nikae kidogo maana hapa ndo siri ilipo.

Zamani Pac-10 ilikuwa na vyuo 10 vilivyokaa mbili mbili. Washington na Washington State. Oregon na Oregon State. Cal na Stanford. UCLA na USC. Arizona na Arizona State. Kwenye kikapu timu ikisafiri inacheza Alhamisi na mmoja na Jumamosi na pacha wake, inarudi nyumbani. Kila timu inakutana na kila timu mara mbili, nyumbani na ugenini, mechi 18.

Sasa piga hesabu na mimi. Una jozi 5. Ukiitoa jozi yako zinabaki 4. Kila jozi unaitembelea mara moja tu, unacheza mechi 2 kwenye safari ile ile. Kwa hiyo mechi zako za ugenini ni 8 kwa safari 4, ukiongeza ile ya kwa pacha wako ambayo mara nyingi unaenda na kurudi siku hiyo hiyo. SAFARI NNE kwa msimu mzima wa ligi! Bila pacha ungesafiri mara 9. Hakuna chuo kilichohama, hakuna mtu aliyepunguza mechi, ni kupanga tu.

Linganisha na Big Ten ya sasa yenye vyuo 18. Kikapu wanaume wanacheza mechi 20 za ligi, wapinzani 3 wanakutana nao mara mbili na wengine 14 mara moja moja. Wanacheza mechi nyingi zaidi lakini bingwa wao hajawahi kupimwa nyumbani na ugenini na wote. Ivy League yenye vyuo 8 kwa miaka mingi walicheza Ijumaa na Jumamosi mfululizo kwa mtindo huo wa mapacha, ili wanafunzi wasikose darasa, na hakuna aliyewahi kusema Ivy sio ligi.

Kwenye karatasi yako basi: kabla hujachora mpaka wowote wa kanda, unganisha mapacha kwanza. Pacha mzuri ni yule aliye ndani ya saa 1, timu inaweza kulala hoteli moja kwa mechi zote mbili. Saa 2 sio mbaya. Zaidi ya hapo huyo sio pacha ni jirani wa mbali. Chuo kisicho na pacha kiwekee alama nyekundu, ndo vitakusumbua mwishoni.

HATUA YA 4: Kanda moja vyuo vingapi

10. Nimejaribu 8, 9, 12, 14, narudi hapo hapo. 8 inafanya kazi ila mkipoteza mmoja mmeishiwa, na kwa upande wa futiboli ya juu sheria ya NCAA inataka konferensi iwe na angalau 8, ndo maana Pac-12 walihangaika kutafuta wa 8 mpaka wakampata Texas State. 12 inakubalika kama ni jozi 6, safari zinakuwa 5. Kuanzia 14 huwezi tena kucheza na wote nyumbani na ugenini, hapo imegeuka kuwa orodha ya majina.

HATUA YA 5: Tuchore moja pamoja, Kaskazini Magharibi

Nimechagua huku kwa sababu ndo kuliumizwa zaidi, na pia kwa sababu ya Henry Rono. Mkenya yule alikuwa mwanafunzi wa Washington State, pale Pullman, kamji kadogo katikati ya mashamba ya ngano, alipovunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Chuo hicho ndo kilikuja kuachwa jangwani 2023 wenzake walipoondoka. Kwa mtu anayejua riadha inauma.

Vyuo vya daraja la kwanza eneo hilo: Washington na Seattle U, vyote mjini Seattle. Portland na Portland State, vyote mjini Portland. Oregon pale Eugene na Oregon State pale Corvallis, kilomita kama 65 kati yao. Washington State pale Pullman na Idaho pale Moscow, hawa wametenganishwa na mpaka wa jimbo na kilomita 13 tu, unaweza kwenda kwa baiskeli. Gonzaga mjini Spokane na Eastern Washington pale Cheney, chini ya kilomita 30.

Umeona? Jozi 5. Hakuna jozi inayozidi kilomita 70. Imekaa pale kama Pac-10 mpya inasubiri mtu aiokote, na leo hii hivyo vyuo 10 vimetawanyika konferensi 4: Big Ten, Pac-12 mpya, Big Sky na West Coast Conference.

Sasa saa. Seattle–Portland kama saa 3 kwa gari. Seattle–Spokane 4 na nusu hivi. Seattle–Pullman kama 5. Portland–Eugene chini ya 2. Portland–Spokane kama 6. Ndefu kuliko zote ni Eugene–Pullman, saa 7 na nusu hivi, na hiyo timu ya Oregon inaifanya mara moja tu kwa msimu, kwa sababu inacheza na Washington State na Idaho kwenye safari ile ile. Mara moja! Leo Oregon anaenda Maryland, anaenda New Jersey.

Nilipofika hapa nikapata shida mbili na nakuambia ukweli zilinisumbua wiki nzima. Ya kwanza Boise State. Ni chuo kikubwa, kina mashabiki, kiko kama saa 6 kutoka Pullman, na hakina pacha. Ya pili Montana, pale Missoula, saa 3 tu kutoka Spokane, ni karibu na Gonzaga kuliko Seattle ilivyo karibu na Gonzaga. Lakini ukimchukua Montana lazima umchukue Montana State wa Bozeman maana hao ni watani wa jadi na huwezi kuwatenganisha, na Bozeman mpaka Eugene ni kama saa 13. Kanda yote inapasuka. Kwa hiyo nimewapeleka kanda ya milimani, Boise na Idaho State wa Pocatello, Montana na Montana State, pamoja na jozi za Utah: Utah na BYU, Utah State na Weber State, Utah Valley pia yupo karibu na BYU. Boise na Pocatello ni kama saa 3 na nusu, pacha wa kulazimisha, najua. Mashabiki wa Boise wakinisikia watanikasirikia na wana haki. Ila kila ramani ina mtu wa pembeni, na kazi yako ni kuhakikisha mtu wa pembeni anapata ratiba ya kumfidia, kwa mfano wiki ya mwisho wa muhula anakuwa nyumbani kila mwaka. Hawaii walipoingia Mountain West kwa futiboli walikuwa wanachangia nauli za wageni wanaokuja kwao. Unaweza kugeuza hiyo, kanda ndo imchangie wa pembeni.

HATUA YA 6: Kagua watani wa jadi

Chukua orodha ya mechi za watani wa jadi eneo lako uone kama umemtenganisha mtu. Hii sio romansi, hii ni tiketi zinazouzwa bila tangazo. Oklahoma na Oklahoma State futiboli walicheza ya mwisho ya kila mwaka 2023, baada ya hapo Oklahoma wakaenda SEC, konferensi ya kusini mashariki. Texas na Texas A&M waliacha 2011, wakarudi 2024, miaka 13 watu wa familia moja hawana mechi ya kutaniana. Kansas na Missouri waliacha konferensi ilipowatenganisha 2012, futiboli imerudi 2025. Ukiangalia hizo zote, kila zilipokufa mpaka wa konferensi ndo ulioziua, na watu hawakuchoka hata siku moja. Kama ramani yako inakata utani, sogeza mpaka, hata ikikugharimu saa moja ya ziada.

HATUA YA 7: Vikubwa na vidogo

Swali utakaloulizwa kwanza kwenye kikao chochote: Washington mwenye hela zote zile atacheza vipi na Portland State?

Jibu la kwanza, kwenye michezo isiyo futiboli pengo sio kama unavyodhani. Gonzaga ni chuo kidogo kisicho na futiboli na kimefika fainali ya taifa ya kikapu 2017 na 2021. Jibu la pili, kama pengo lipo kweli, gawa kanda madaraja mawili ndani ya eneo lile lile, mtu apande na kushuka kama ligi za soka tunazozijua, safari bado ni fupi. Jibu la tatu ni la Texas. Shule za sekondari za Texas, chini ya UIL, chama chao cha mashindano, zinapangwa upya kila miaka miwili, wanaangalia idadi ya wanafunzi na jiografia, shule inaamka asubuhi inaambiwa wilaya yako mpya ni hii, wazazi wanalalamika wiki moja alafu wanacheza. Kwa hiyo weka kwenye mpango wako kwamba ramani inapitiwa upya kila baada ya miaka kadhaa, mi napendekeza 4, ili aliyeingia mwaka wa kwanza amalize kwenye kanda ile ile.

HATUA YA 8: Hela na mikataba

Hapa usiende bila kujiandaa. Mkataba wa Big Ten na Fox, CBS na NBC uliotangazwa Agosti 2022 ni wa miaka 7 na uliripotiwa kuwa kama dola bilioni 7. Hakuna rais wa chuo atakayeutupa kwa ajili ya hadithi yangu ya mpwa. SMU, chuo cha Dallas, waliitaka ACC mpaka wakakubali kukaa miaka 9 bila mgao wa TV, unaona watu walivyo na njaa. Na kuanzia msimu wa 2025-26, baada ya ile suluhu ya kesi ya House, ya wanamichezo walioishtaki NCAA, iliyopitishwa na jaji Claudia Wilken Juni 2025, chuo kinaruhusiwa kulipa wachezaji moja kwa moja, mwaka huo wa kwanza kikomo kilikuwa kama dola milioni 20.5. Hela hiyo lazima itoke mahali.

Ndo maana hatua ya 1 ilikuwa ya kwanza. Wewe huwaombi waache mkataba wa futiboli. Unawaonyesha kwamba futiboli ibaki inalipa, na michezo mingine iache kuila ile hela kwa nauli. Tengeneza jedwali la pili, kwa kila timu isiyo futiboli: idadi ya safari, tiketi za ndege, usiku wa hoteli, posho ya chakula, siku za darasa zilizokosekana, saa ya kurudi. Jaza kwa ratiba ya sasa, jaza tena kwa ratiba yako ya kanda. Ratiba za misimu iliyopita zipo wazi kwenye tovuti za timu, na vyuo vya umma vingi matumizi yao unaweza kuyaomba kisheria. Jedwali hilo moja linazungumza kuliko hotuba.

Kikapu wanaume ndo kigumu maana nacho kina hela ya TV. Ushauri wangu, kama chuo kinagoma kabisa, kiache kikapu na futiboli vibaki, chukua vingine vyote. Utakuwa umewaokoa vijana wengi tu. Ila usianze kwa kusema hivyo, anza kwa kuomba vyote.

Vikwazo vya sheria ni viwili vikubwa. Kimoja, konferensi za futiboli ya juu zinalazimika na sheria za NCAA wanachama wake wacheze michezo kadhaa pamoja, kwa hiyo sheria hiyo lazima ibadilishwe au mtumie uanachama wa mchezo mmoja mmoja. Huo uanachama upo na unafanya kazi: polo ya majini na voliboli ya wanaume za pwani ya magharibi zipo kwenye shirikisho la MPSF tangu miaka ya 90, USC, UCLA, Stanford na Cal bado wanakutana humo kwenye polo hata baada ya kutawanyika. Na Oregon State na Washington State baada ya kuachwa walipeleka michezo yao mingi West Coast Conference kwa misimu miwili. Kikwazo cha pili ni zile hati za kukabidhi haki za TV na faini za kutoka, Florida State na Clemson walikwenda mahakamani na ACC mpaka Machi 2025 wakapatana. Hizo zinahusu zaidi futiboli na kikapu. Softiboli hakuna atakayekushtaki.

HATUA YA 9: Tiketi za kwenda taifa

Bingwa wa konferensi anapata nafasi ya moja kwa moja mashindano ya taifa. Ukichora kanda mpya lazima useme nani anapata hiyo nafasi. Mi naona rahisi, kila kanda bingwa wake, basi. Mbio za nyika wameshatuonyesha: daraja la kwanza limegawanywa kanda 9 za kufuzu, timu 2 za juu kila kanda zinaingia taifa moja kwa moja na zingine zinaongezwa kwa matokeo yao. Huko ndo Edward Cheserek wa Oregon alipita akawa bingwa wa taifa mara 3 mfululizo, 2013 mpaka 2015, na Doris Lemngole wa Alabama akashinda 2024. Wakenya wetu wamekimbia kwenye mfumo wa kanda miaka yote hii na mabingwa wakali wametoka humo.

HATUA YA 10: Peleka kwa nani

Usiandike kwa kamishna wa konferensi, yeye kazi yake ni kulinda konferensi. Wanaopiga kura ni marais wa vyuo, ACC ilipowachukua Stanford, Cal na SMU ilikuwa kura 12 kati ya 15. Lakini kumfikia rais anza na watu wawili. Kila chuo cha NCAA kina mwalimu anayewakilisha upande wa masomo kwenye michezo, huyo ndo anayeona barua za kuomba ruhusa ya kukosa mtihani, mpe jedwali lako la siku za darasa. Na kila chuo kina kamati ya wanafunzi wanamichezo, waambie vijana waipeleke wenyewe, ina uzito zaidi ikitoka kwao. Wazazi mje nyuma yao. Makocha wa timu ndogo wako upande wenu ila wengi wataogopa kusema, msiwalazimishe.

HATUA YA 11: Jaribu kwa mtu mmoja

Kabla hujaipeleka popote, chukua mchezaji mmoja unayemjua, chukua ratiba yake ya vipindi, mpitishe kwenye msimu mzima wa ramani yako, wiki kwa wiki. NCAA inaweka kikomo cha saa 20 kwa wiki za mazoezi na mechi, lakini saa za kusafiri hazimo humo, kwa hiyo wewe zihesabu. Wiki ambayo inakushinda, irekebishe.

Mi nilimpitisha mpwa wangu, kama vile anachezea timu ya Seattle. Wiki ya safari ndefu: Alhamisi anamaliza maabara saa 9 mchana, wanaondoka saa 10, wanafika Pullman usiku saa 4 hivi. Ijumaa asubuhi anafanya kipindi kimoja kwa kompyuta hotelini, jioni mechi na Washington State. Jumamosi mazoezi mepesi, mchana wote wa kusoma. Jumapili saa 6 mchana mechi na Idaho, kilomita 13 mbele, hoteli ile ile. Saa 9 wanapanda basi, wanakula njiani, Snoqualmie ikiwa wazi wanaingia Seattle saa 3 usiku, saa 4 yupo kitandani. Nikamtumia. Akanijibu, "mjomba, mtihani wa Jumatatu ningeufanya nimelala." Alafu akaniuliza Boise nimemweka wapi, maana rafiki yake anacheza huko.